Mkono Uliohesabu Arobaini

Mkono wa Biache ulimuua Shomari kabla Biache hajamaliza kucheka.

Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yamekupwa mpaka mwisho na Mtaa wa Chini wote umetoka nje. Kuta za nyumba zetu za zamani zilikuwa zimeota matumbawe mpaka madirishani, na kisima cha kina Mgeni kilikuwa kimejaa majani ya bahari. Bahari ilipanda mwaka niliomzaa Saumu. Sisi tukahamia juu, nyumba tukawaachia pweza.

Biache alikuwa amepiga magoti mbele ya shimo la tisa, mkono wa kulia ndani mpaka begani, anasema kwa sauti kila kitu mkono ulichomwambia. Ndivyo tulivyofundishwa.

"Jike," alisema. "Ana mayai. Yana siku kumi na tisa. Mlangoni kuna kaa, ganda lake bado laini. Maji yana joto kuliko jana."

Kioo kidogo kama cha simu, kinachopokea habari kutoka mkononi, kilining'inia shingoni mwake kikaandika yote hayo.

Shomari alitokea nyuma ya ukuta na nondo begani. Alikuwa mtoto wa dada yake Biache, mtu mzima wa miaka thelathini na tano, mcheshi, mvivu, hana ubaya na mtu. Mwamba ulikuwa umefungwa mwezi wa pili sasa, hakuna kuvua pweza mpaka mayai yaanguliwe, na bendera nyekundu ya kijiji alipita chini yake. Akainama upande wa pili wa shimo.

"Mama mdogo, siku hizi umekuwa daktari wa pweza? Basi wewe mpime presha, mimi nitampima uzito."

Biache akacheka. Shomari akaingiza nondo.

Mkono ulitoka shimoni. Sisemi Biache aliutoa. Ulitoka. Ulimshika Shomari kisogo, ukamvuta mpaka kwenye mdomo wa shimo, ukamgeuza uso juu, na kidole gumba kikaingia katikati ya macho. Nilisikia mfupa. Kisha ukaanza kumpiga kwenye jiwe.

"Moja," alisema Biache. "Mbili. Tatu."

Alikuwa ananitazama mimi. Machozi yanamtoka, mkono wa kushoto unauvuta wa kulia kwa nguvu zote, na mdomo unahesabu. Nilipomfikia ilikuwa kumi na mbili. Nilimkamata kiunoni nikavuta, tukaanguka wote watatu, na mkono ukaendelea kupiga tukiwa chini. Jino la Shomari liliniruka kifuani, likanasa kwenye kanga. Ilipofika ishirini hapakuwa na uso tena, lakini mkono haukuwa unatafuta uso. Ulikuwa unatafuta arobaini.

Mwanamke yeyote wa huku kwetu anajua kwa nini arobaini. Pweza unamvuta shimoni, unamgeuza kichwa ndani nje, unamtoboa katikati ya macho, halafu unampiga kwenye jiwe mara arobaini. Ukiishia thelathini utakula kandambili. Mama alinifundisha kuhesabu kwa njia hiyo kabla sijaanza darasa la kwanza.

Arobaini ilipotimia mkono ulimwachia. Ukajisuuza kwenye kidimbwi, ukarudi shimoni taratibu, ukaanza kupapasa mayai.

"Yote yapo," alisema Biache, akatapika.

Kioo shingoni mwake kilikuwa kimeongeza mstari mmoja. *Mtu. Dume. Miaka thelathini na tano. Hana uhai.*

* * *

Nyinyi mlioandikisha majina mwaka huu, hilo hamkuambiwa. Mliambiwa mtakuwa wajuzi wa bahari, na hilo ni kweli, mtakuwa. Mimi nilikuwa.

Niliishia darasa la saba. Mwalimu Nakijwa alipokuja kufungua shule ya watu wazima, alianza na picha ukutani: hili tumbawe jina lake hivi, huyu jongoo bahari jina lake hivi. Sisi tulikuwa wanawake kumi na wanne, wote wavuvi wa pweza, wote tumeamka alfajiri. Tulisinzia. Pili Mkomwa alikoroma mpaka yeye mwenyewe akashtuka akauliza nani amekoroma.

Mwalimu hakukasirika. Ni mtu wa milimani, Mpare, mpole, ameisoma bahari kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Mwezi wa tatu alirudi na sanduku la baridi.

"Pweza ana akili nyingi," alituambia, "lakini sehemu kubwa haiko kichwani. Iko mikononi. Mkono wake unaonja, unakumbuka, unaamua wenyewe, kichwa kinapewa taarifa baadaye. Sasa nyinyi mama zangu, vichwa vyenu vimejaa. Mna watoto, mna waume, mna misiba. Lakini mikono yenu bado ina nafasi."

Ndani ya sanduku kulikuwa na uzi. Mweupe, mwembamba kama wa chandarua, umekuzwa maabara kutokana na mishipa ya fahamu ya pweza. Waliuingiza kwapani kwa sindano, na kwa wiki moja ukaota mpaka kwenye ncha za vidole. Siku ya nane nilishika kikombe cha chai nikaonja sukari kwa kiganja. Niliangua kicheko peke yangu jikoni kama kichaa.

Basi, baada ya miezi sita mkono wangu ulikuwa unawajua viumbe mia tatu na kumi na wawili. Niligusa jiwe mbele ya wageni wenye suti nikawaambia tumbawe hili lina miaka kumi na moja, mwaka wa sita liliugua. Walipiga makofi. Tulijua kila shimo lina nani na anahitaji nini, na mwamba uliokufa kwa baruti ukafufuka mikononi mwetu. Samaki wakarudi. Nyumba ambamo watoto walikuwa wanalamba ugali na chumvi, wakala changu na tasi. Sikuwahi kujivunia kitu kama mkono ule.

Sasa turudi siku ya Shomari. Saa nane mchana tumekaa darasani, kumi na wanne. Biache alikuwa amefungwa mkono wa kulia kwenye mguu wa dawati kwa kamba ya nanga. Aliomba mwenyewe.

"Shomari aliteleza," alisema Mwalimu Nakijwa. Sauti haikuwa yake. "Alianguka kwenye mwamba, mawimbi yakampiga. Hivyo ndivyo nitakavyoandika."

"Andika nimemuua mimi," alisema Biache. "Mtoto wa dada yangu, nimemuua mimi."

"Hukumuua wewe, mama."

"Nani basi? Nitajie jina lake nimpeleke polisi. Huo uzi wako unavaa pingu?"

Mwalimu alikaa juu ya meza. Akatueleza, na mimi nawaeleza nyinyi. Walituchagua kwa sababu mikono yetu ilishajua mashimo yote. Walidhani uzi utachukua hilo tu, kujua. Lakini uzi haukuchagua. Ulichukua kila kitu ambacho mkono ulikuwa umezoea. Kwa asili yake ulikuwa tayari kulinda mayai. Ulipotaka kujua namna ya kulinda, ukatafuta mkononi, ukakuta miaka arobaini ya...

Akatazama mikono yetu.

"Ya mapishi," alisema Pili Mkomwa kutoka nyuma. Watu wawili walicheka, wakajishika midomo.

"Ungetuuliza," nilisema. "Ungeuliza tu, Mwalimu, mkono huu ukishampata pweza humfanya nini."

"Na nyinyi mngeniambia, Mama Saumu."

"Nani humwambia mtu jambo linalojulikana na kila mtu?"

Nje watu walikuwa wanapita na jeneza.

"Uzi utatolewa?" aliuliza mmoja.

"Umeshaota na mishipa yenu. Kuutoa ni kukata mkono begani." Akafuta uso kwa viganja. "Sikilizeni. Nikiandika ukweli, shule inafungwa kesho. Hamtaruhusiwa kugusa maji. Watu wa baruti watakuwa hapa ndani ya wiki moja, nyinyi mnajua. Nikiandika aliteleza, tutajifunza kuuzuia. Mtu asisogee kwenye shimo mjuzi akiwa kazini, basi. Wanaokubali wainue mikono."

Niliinua. Nakiri mbele yenu. Niliinua wa kulia, na mpaka leo sijui kama niliuinua mimi.

Biache peke yake hakuinua. Wake ulikuwa umefungwa.

* * *

Watu wa baruti walikuja hata hivyo, bamvua iliyofuata. Walikuwa watatu, kwenye boti ya mashine, mchana kweupe. Walirusha chupa karibu na msikiti wa zamani. Maji yalipanda juu kama mti, na mkono wangu ukapiga kelele. Sina namna nyingine ya kulieleza. Viumbe waliokufa pale, mkono ulikuwa unawajua mmoja mmoja.

Wale watu waliruka majini kuokota samaki. Maji yalikuwa ya kiunoni. Sisi tulikuwa saba, tumetawanyika kwenye kuta, na wao walituona wanawake wazima wenye kanga zilizolowa, wakatusalimia. Mmoja alisema, "Shikamooni mama zetu, na nyinyi chukueni kitoweo."

Aliyenijia mimi alikuwa na kofia nyekundu. Alipoona mkono umemshika shingo, alidhani namkaripia. "Mama, tusameheane," alisema. Gumba likaingia. Pale palikuwa na ngazi ya mlango wa nyumba ya kina Mgeni, jiwe zuri, pana. Nilihesabu moja mpaka arobaini bila kuruka. Upande wangu wa kulia Pili alikuwa anahesabu, na upande wa kushoto mwingine, na hesabu zetu zilipishana kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja. Maji yalibadilika rangi mpaka kwenye kibla. Wa tatu aliponyoka kabla hesabu yake haijatimia, akaogelea kuelekea kina kirefu, hana taya. Hatukumfuata, kwa sababu kule hakukuwa na mashimo yetu.

Huyu sikumlilia. Nilitafuta machozi, hayakuwepo. Nilisikia raha, jamani. Raha ya kazi iliyokamilika.

Na kijiji kilikuwa kimesimama ufukweni kinatazama. Nilipotoka majini na damu mpaka kwapani, walipiga vigelegele.

Saumu alikuwa mbele yao. Binti yangu, miaka ishirini na miwili, mtoto wangu pekee. Alinivulia mtandio wake kunifuta.

"Mama, mmewashughulikia!" alisema. Macho yanawaka. Na kabla hatujafika nyumbani akaniambia: "Nimeandikisha jina. Ijumaa natiwa uzi."

Nilisimama njiani.

"Hutiwi."

"Mama, mimi si mtoto. Shule ni ya watu wazima, nimeulizwa umri nikasema. Wewe umekuwa mjuzi, watu wa suti wanakupigia makofi. Mimi nikae nikaange vitumbua?"

"Shomari hakuteleza, Saumu."

Nikamwambia yote, pale pale njiani, mpaka jino kwenye kanga. Nilitegemea atalia, maana Shomari ndiye aliyembeba mabegani siku ya kwanza ya shule. Badala yake akasema neno ambalo liliniogopesha kuliko nondo.

"Lakini aliingiza nondo penye mayai."

"Alikuwa mtu, mwanangu!"

"Na wale wa leo ni nini? Mbona hukulia?"

Nilikwenda kwa Mwalimu Nakijwa jioni ile ile nikamwambia afute jina. Alisema binti ni mtu mzima, hawezi kumfutia. Alisema tena, kwa upole wake ule, kwamba Saumu amekulia wakati mwamba umekufa, hajawahi kuvua pweza hata mmoja, kwa hiyo mkono wake uko salama. "Wa namna yake ndio tunaowataka sasa, Mama Saumu."

* * *

Alhamisi maji yalikupwa saa sita kasoro. Nilikuwa kwenye shimo langu mwenyewe. Lilikuwa ndani ya jiko letu la zamani, jiko nilimolelewa, kwenye mtungi wa bibi uliojengewa ukutani. Pweza jike alikuwa amening'iniza mayai ndani ya shingo ya mtungi, vishada kama ushanga mweupe. Ilikuwa siku yake ya ishirini na tano bila kula. Ndivyo walivyo, wakishataga hawali tena, wanapuliza maji juu ya mayai mpaka yaanguliwe, kisha wanakufa. Mkono wangu ulikuwa ndani, na yeye alikuwa ameuzoea, ameuzungushia mikono yake miwili.

"Shikamoo, mama."

Saumu alikuwa amesimama mahali palipokuwa mlango. Amekunja suruali, miguu mitupu.

"Toka," nilisema. "Toka, Saumu, usisogee. Rudi nyuma."

"Nimekuja kujipima tu kabla ya kesho. Sina nondo, mama. Tazama." Akanionyesha viganja vyake viwili. "Mitupu."

Alidhani kosa lilikuwa nondo. Nilipiga kelele, nikajaribu kuchomoa mkono, ukakataa. Mtungi ulikuwa na ufa upande wa nyuma. Saumu alipiga magoti upande ule, akapitisha vidole kwenye ufa kama anavyoona tunafanya, akafumba macho.

"Laini," alisema. "Kama shanga. Ana mayai..." Na kishada kimoja kikakatika, kikaganda kwenye kidole chake.

Mkono ulipasua mtungi kutoka ndani. Ulimshika nyuma ya kichwa, kwenye misuko niliyomsuka mwenyewe Jumapili.

"Mama?" alisema.

Gumba lilikuja katikati ya macho. Aligeuza uso, likaingia jicho la kushoto. Sitaandika sauti aliyotoa. Ukamshusha kwenye mafiga, mafiga yetu yale yale yaliyoota chaza.

"Moja," nilisema. Ulimi haukuwa wangu. "Mbili."

Nilitia mguu kati ya kichwa chake na jiwe, mkono ukampiga juu ya mguu wangu mpaka mguu ukavunjika, ukausukuma pembeni. Tatu, nne. Saumu aliniuma, akanikwaruza, akanishika shingo. Sita. Nilichukua kipande cha mtungi kwa mkono wa kushoto nikajikata wa kulia kuanzia kiwiko, nyama ikafunguka, ndani nikauona uzi mweupe unang'aa. Kipande kikavunjika. Nikachukua tumbawe nikajipiga mkono mpaka mfupa ukakatika, nikasikia kabisa umekatika. Mkono uliokatika mfupa uliendelea kupiga. Uzi hauhitaji mfupa. Kumi na moja. Kumi na mbili. Saumu aliacha kuniuma.

Kumi na tatu nilimwona pweza. Mtungi ulikuwa umepasuka na yeye amebaki wazi kwenye kona, amejitandaza juu ya mayai yake. Hakukimbia. Wallahi angeweza kukimbia, maji yalikuwa hatua tatu tu.

Nilinyoosha mkono wa kushoto. Aliujua ni wangu, akauzungushia mikono yake akashika kifundo, kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake sokoni. Alikuwa mwepesi, amekonda. Mama mwenzangu, hajala siku ishirini na tano. Nilimleta mdomoni nikamuuma katikati ya macho.

"Kumi na saba," nilisema na damu yake ya buluu mdomoni.

Mkono ukasimama.

Nikatema. Nikarudi kwa goti moja mpaka kwenye mayai, nikayaponda yote kwa kiganja cha kushoto, vishada vyote, mpaka ukuta ukawa uji. Elfu ngapi sijui. Vidole vya mkono wa kulia vilifunguka kimoja kimoja, vikamwachia mwanangu, vikaenda kupapasa mahali mayai yalipokuwa. Vilipapasa muda mrefu.

* * *

Saumu yuko hai. Amebaki na jicho moja, na maneno yenye herufi fulani bado hawezi kuyasema. Mimi mkono wangu ninao, umefungwa kwenye kanga kifuani, umelegea. Madaktari wamekubali kuukata, wanangoja mguu upone kwanza.

Mwalimu Nakijwa alikuja hospitali. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, sitamsingizia. Aliketi ukingoni mwa kitanda changu akasema, "Mkono haukujua ni Saumu, mama. Usijitese. Uliona adui wa mayai tu."

Nikamwambia afungue mtoto wa meza achukue kioo changu. Kilikuwa shingoni mwangu siku ile, kikiandika kila kitu mkono ulichojua, kama kazi yake ilivyo. Alisoma. Nilimwona anarudia.

*Mtu. Jike. Miaka ishirini na miwili. Damu yake na ya mwenye mkono ni moja. Ni mtoto wake.*

Mstari huo umeandikiwa saa, kama kila pigo. Ni baada ya pigo la tatu na kabla ya la nne.

"Futa hii," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Mama Saumu, nakuomba. Sasa tunajua namna ya kuuzima, tutaurekebisha. Ukitoa hii, mwamba unakufa."

"Najua utakufa," nilisema. "Nipe kioo changu."

Mwezi huu wametangaza kundi jipya. Hawataki wavuvi wa pweza. Nimeisoma orodha mlangoni mwa shule, na nyote nawajua. Yupo Asiatu muuza kuku, anayechinja tangu darasa la nne na hatazami kisu. Yupo Hidaya wa mashine ya nazi, anayepasua kila nazi kwa pigo moja. Yupo Chausiku, ambaye watoto wake watano hujikunja wote akinyoosha mkono kuchukua chumvi. Dada zangu, mnasema mikono yenu haijawahi kumgusa pweza. Mimi nawauliza imezoea nini.

Jina la Saumu lilikuwa la nne.

Ijumaa iliyopita, tumeshatoka hospitali, niliamka mapema, nikajikokota kwa gongo mpaka shuleni, nikakipigilia kioo changu mlangoni kwa misumari minne, pembeni mwa orodha, kikiwa kimewashwa kwenye mstari ule. Saumu alifika saa mbili na bandeji yake. Hatukuwa tumezungumza juu ya uzi tangu siku ile. Nyumbani alikuwa anapokea uji wangu na kusema ahsante mama, huku mkono wake wa kulia uko chini ya mto, na chini ya mto najua kuna kisu. Sidhani kama alijua mkono uko huko.

Alisoma kwa jicho moja, taratibu.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Ulijua ni mimi?"

"Mkono ulijua."

"Nimekuuliza wewe."

"Nilijua tangu moja," nilisema. "Hesabu yote nilijua."

Asiatu na wenzake walikuwa wamefika, wamesimama nyuma yetu kimya, wanasoma. Saumu alitoa mkono wa kulia mfukoni, akautazama kiganja, akaupindua. Kisha akachana jina lake kwenye orodha. Hakuchana jingine. Akanipita bila kunigusa akashika njia ya nyumbani, hatua kumi mbele yangu, kama tulivyokubaliana tulipotoka hospitali.

Nikamfuata kwa gongo langu. Ndani ya kanga, kidole kilinigonga ubavuni mara moja, polepole.

Kumi na nane.